Nyoka Nyumbani: Mwongozo Kamili kwa Familia za Shambani, Tambarare ya Moshi

Jioni moja ya mwezi wa nne, wifi yangu alirudi na mzigo wa majani kichwani kutoka kando ya mto Kikafu. Aliutua kwenye hori bila kuufungua, akaenda kunawa. Ng'ombe wetu, ambaye siku zote huanza kutafuna kabla kamba haijalegezwa, alirudi nyuma mpaka ukutani akapuliza pua. Ndipo tukasikia sauti ndani ya majani, kama tairi la baiskeli linalotolewa upepo. Ikanyamaza, ikaanza tena. Alikuwa kifutu, mnene kama mkono wangu, na alikuwa amesafiri zaidi ya kilomita moja juu ya kichwa cha mtu bila kumuuma.

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka. Sisi hatukuumwa, lakini kwa miezi mingi kila kamba iliyolala uani ilinishtua. Nilichojifunza tangu siku ile nakiandika kwa ajili ya familia zinazoishi kama sisi: nyumba, banda la ng'ombe, kuku, ghala la mahindi, watoto na wazee, kwenye ardhi ya joto chini ya barabara kuu ya Moshi na Arusha. Ndugu zetu wa Machame na Marangu ya juu hukutana na nyoka mara chache kwa sababu ya baridi, ila nao hushuka tambarare kulima mahindi na kukata majani, kwa hiyo yanawahusu.

Jambo la kushika kabla ya yote ni hili: nyoka hamfuati mtu. Anafuata panya, chura, yai, kivuli na upenyo. Wapo wanaoamini nyoka akiingia ndani ametumwa. Sibishani na imani ya mtu, naomba tu hata anayeamini hivyo aanze kwa kukagua mahindi yake yanahifadhiwaje.

Hatua ya kwanza: wajue unaoishi nao

Si lazima uwe mtaalamu. Yatosha kuwajua wachache wenye hatari, na kuwachukulia wengine wote kama usiowajua.

Kifutu, ambaye wengine humwita moma au bafe, ndiye wa kumhofia zaidi kwenye njia za miguu. Ni mfupi, mara nyingi hafiki mita moja, mnene, kichwa kipana, mgongoni ana alama kama herufi V zilizopangwa kuelekea mkiani. Rangi yake ni ile ile ya majani makavu na vumbi. Hakimbii ukija. Anatulia akitegemea kwamba hutamwona, na ndiyo maana watu humkanyaga. Huzaa watoto hai, mara nyingi 20 hadi 40 kwa mkupuo mmoja, na hao wadogo wana sumu tangu siku wanayozaliwa. Ukimwona mmoja mdogo kama penseli, usimwache mtoto amchezee.

Swila huinua kichwa na kutanua shingo. Wapo swila wanaotema sumu, na hulenga macho, wakiwa hata mita mbili au tatu kutoka ulipo. Hao huingia nyumbani usiku wakiwinda, na wamewahi kuuma watu waliolala.

Koboko ni mrefu, anaweza kupita mita tatu, mwembamba, na mwili wake si mweusi bali ni wa kijivu au kahawia iliyofifia. Weusi uko ndani ya kinywa. Hukaa kwenye vichuguu vilivyohamwa, mapango ya mawe na miti yenye mashimo. Sumu yake hushambulia neva na kuzuia kupumua. Nyoka wa kijani walioko mitini waache wote, bila kujaribu kutofautisha yupi ana sumu na yupi hana.

Halafu wapo wasio na madhara kwa mtu. Nyoka wa nyumbani wa rangi ya kahawia, mwenye mstari mweupe unaopita kwenye jicho, hula panya usiku kucha. Yupo pia anayekula mayai tu, hana sumu, lakini mabaka yake yanafanana mno na ya nyoka wenye sumu wa jamii ya kifutu. Kwa sababu ya mfanano huo sikushauri umshike nyoka yeyote kwa kusema "huyu namjua". Tena wako wadogo weusi waishio ardhini, hao wana sumu, ambao meno yao hutoka kwa pembeni, wanaweza kukuchoma hata ukiwa umewashika nyuma ya kichwa.

Hatua ya pili: zunguka boma lako kwa daftari

Chagua asubuhi yenye jua, vaa mabuti, shika fimbo ndefu, na zunguka polepole kuanzia mlango wa jikoni kwenda nje. Andika kila mahali penye chakula cha nyoka, maji, au maficho. Kwetu orodha ilijaa ukurasa mzima: kuni zilizoegemea ukuta wa jiko, mabati chakavu, matofali nyuma ya choo, majani makavu ya migomba yaliyorundikwa tangu mwaka juzi, mabua ya mahindi ya ng'ombe, uzio wa manyara uliofunga mpaka chini, bomba la maji lililokuwa likivuja na kualika vyura, kichuguu mpakani mwa shamba.

Tafuta pia dalili. Gamba lililovuliwa likiwa kwenye upenyo wa ukuta linakuonyesha njia anayopita. Mayai yanayotoweka bila kuacha ganda huenda yamemezwa na nyoka, ingawa kenge naye ni mwizi hodari. Kuku wote wakikusanyika wakilia kwa kutazama sehemu moja, nenda uone, lakini simama mbali.

Hatua ya tatu: ondoa panya, hapa ndipo penye kazi kubwa

Kama una nguvu za kufanya jambo moja tu katika mwongozo huu, fanya hili. Sisi tulikuwa tunarundika mahindi ya mavuno ya Julai kwenye magunia sakafuni, chumba cha nyuma, pamoja na pumba za kuku. Usiku tulisikia panya wakikimbizana darini na tukaona ni kawaida ya nyumba. Mwezi huo huo tukaona nyoka wawili ndani ya wiki tatu.

Tulihamisha mahindi kwenye mapipa ya chuma yenye vifuniko. Anayeweza, kihenge cha chuma ni bora zaidi. Magunia yaliyobaki tuliyaweka juu ya chanja iliyoinuliwa nusu mita, mbali na ukuta, ili paka apite chini na nyuma. Pumba zikafungwa kwenye pipa. Chakula cha kuku kinachomwagika tunakifagia jioni, kwa sababu usiku kinaliwa na panya. Magunzi hayakai tena nyuma ya jiko.

Paka wawili wanaoshinda nje wametusaidia kuliko mitego. Sumu ya panya siipendi kwenye boma lenye watoto: panya aliyekula sumu hutembea akilegea, paka anamla, na unapoteza msaidizi uliyekuwa naye. Kuna bundi pia kwenye mparachichi wa jirani. Najua wengi tumelelewa tukimwogopa, na babu yangu alikuwa akimfukuza kwa kijinga cha moto. Lakini bundi mmoja hula panya usiku hadi usiku, na siku hizi nimewaomba vijana wasimrushie mawe.

Hatua ya nne: ondoa maficho

Kanuni yetu ni kwamba mita tano kuzunguka nyumba ardhi ionekane. Majani yafyekwe mafupi, uwanja ufagiliwe. Kuni zipangwe juu ya mawe au magogo, sentimita 30 kutoka ardhini, mbali na ukuta wa nyumba. Mpishi asitie mkono kwenye rundo bila kugonga kwanza kwa fimbo. Uzio wa manyara au michongoma ukatwe matawi ya chini ili uone upande wa pili. Matawi yanayogusa paa yapunguzwe.

Majani makavu ya migomba ni suala gumu, kwa sababu tunayahitaji shambani kutunza unyevu. Si lazima uyaondoe kote. Yatandaze kwenye migomba ya mbali, na ile mistari miwili iliyo karibu na nyumba iache wazi. Samadi nayo hutoa joto, na nyoka wanaotaga hupenda joto hilo. Unapoigeuza tumia uma wenye mpini mrefu, siyo mikono.

Kichuguu usikifukue mwenyewe. Kama hakina watu karibu, kiache na uwaonyeshe watoto mpaka wao.

Niseme pia kuhusu oili chafu, mafuta ya taa, kitunguu saumu, salfa na vidonge vya kabati, ambavyo watu huvitumia kufukuza nyoka. Tulimwaga oili chafu kuzunguka nyumba mwaka mzima. Vidonge na salfa vimefanyiwa majaribio na havikuwazuia nyoka, na oili hiyo masika ilisombwa na mvua kuingia kwenye mfereji ambao majirani wa chini humwagilia mboga. Najuta kwa hilo. Fedha ya oili ingetosha kununua saruji ya kuziba ukuta.

Hatua ya tano: ziba nyumba na banda la kuku

Simama ndani mchana, funga mlango, zima taa. Popote mwanga unapopenya, nyoka mdogo naye anapenya. Chini ya mlango pigilia kipande cha mpira wa tairi kinachofagia sakafu. Mashimo ya ukutani yazibwe kwa saruji, au kwa udongo uliochanganywa na samadi kama nyumba ni ya udongo, na ukague kila baada ya mvua. Madirisha na nafasi kati ya ukuta na paa weka wavu. Bomba la maji machafu lifunikwe kwa wavu wa chuma.

Banda la kuku liinuliwe juu ya nguzo. Waya wa kawaida wa kuku una matundu makubwa mno: nyoka anapita akiwa na njaa, akimeza yai au kifaranga anashindwa kutoka, na asubuhi unamkuta ndani. Tumia wavu wa matundu yasiyozidi sentimita moja, angalau kwa nusu mita ya chini na kwenye viota. Okota mayai kila jioni kukiwa bado na mwanga, na kamwe usipeleke mkono chini ya kuku anayeatamia bila kutazama kwa tochi.

Hatua ya sita: tabia za kila siku

Tochi ni lazima usiku, hata kama unakwenda choo kilicho hatua kumi tu. Sisi tumetundika moja msumarini karibu na mlango na hairuhusiwi kuhamishwa. Viatu vya kufunika mguu vinavaliwa usiku, siyo kandambili. Viatu vilivyolala nje vinagongwa kabla ya kuvaliwa. Choo cha shimo kina kifuniko, na unamulika kabla ya kuketi.

Chandarua tulichopewa kwa ajili ya malaria kina kazi ya pili. Kikichomekwa vizuri chini ya godoro, nyoka anayewinda panya chumbani hapandi kitandani. Mtu asilale sakafuni kama kuna njia nyingine yoyote. Kama hakuna, godoro liwe katikati ya chumba na chandarua kichomekwe pande zote.

Kwa wakata majani: pigapiga eneo kwa fimbo kabla ya kuinama, kata ukisonga mbele, usikusanye kwa kukumbatia. Yaliyokatwa yatandaze, yapindue kwa mpini wa reki, kisha ndipo ufunge mzigo. Ukifika nyumbani uutue chini uwanjani, uufungue kwa fimbo, ndipo upeleke kwenye hori. Wifi yangu sasa anafanya hivyo kila siku, na hakuna aliyemkumbusha.

Hatua ya saba: ukimkuta

Simama. Rudi nyuma taratibu mpaka uwe na mita tano au zaidi. Toa watoto, mbwa na ng'ombe. Mtu mmoja amtazame kwa mbali, kwa sababu nyoka aliyepotea machoni ndani ya nyumba ni shida kubwa kuliko anayeonekana. Kama anatanua shingo, funika macho kwa miwani yoyote na geuza uso.

Kama yuko uani, mwachie njia ya kutokea kuelekea shambani, na mara nyingi ataondoka. Kama yuko chumbani, funga mlango, ziba chini kwa nguo kwa nje, kisha mpigie mtendaji wa kijiji au afisa wanyamapori wa halmashauri. Tafuta namba zao leo na uziandike ukutani. Huko Meserani, kama kilomita 25 kutoka Arusha kwa barabara ya Dodoma, kuna bustani ya nyoka ambako watu wamezoea kuwashika, na ni mahali pazuri pa kuwapeleka watoto wakawaone kwa macho yao nyuma ya kioo.

Yule kifutu wa kwenye hori tulimtoa hivi. Mume wangu alimfungua ng'ombe kwa upande wa pili, akafungua mlango wa banda unaotazama shamba, akachukua upembo wa kuangulia parachichi wenye urefu wa mita tatu hivi, akauvuta mzigo mpaka ukaanguka sakafuni, tukatoka wote tukazima taa. Asubuhi hakuwepo. Sikupenda kutojua alikoenda, lakini kumkabili kwa panga gizani ndani ya banda jembamba kungeweza kumgharimu mume wangu mguu. Chatu naye asiuawe, analindwa na sheria ya wanyamapori, toa taarifa. Na nyoka aliyekufa usimguse kwa mkono: kichwa kilichokatwa bado kinaweza kuuma kwa muda mrefu.

Hatua ya nane: akiuma

Sehemu hii isomeni kwa sauti mbele ya familia nzima.

Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliingiza sumu ya nyoka kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika, na linakadiria kuwa watu 81,000 hadi 138,000 hufa kila mwaka duniani kwa kuumwa na nyoka. Wengi ni wakulima na watoto wa vijijini, na wengi hupotezwa na saa za mwanzo.

Kijana mmoja wa jirani aliumwa kifundoni wakati wa palizi. Kwa nia njema kabisa walimfunga mpira wa baiskeli chini ya goti, wakamchanja, wakampaka dawa, wakasubiri waone. Saa nne baadaye mguu ulikuwa mweusi. Yuko hai, lakini anatembea kwa gongo. Sumu ya kifutu huoza nyama, na kukaza kamba kunaifungia mahali pamoja huku damu safi ikizuiwa.

Kwa hiyo usifunge kamba, usichanje, usinyonye, usitegemee jiwe la nyoka, usipake petroli, usimpe pombe, na asipewe aspirini wala diklofenaki, kwa maana sumu nyingine tayari huzuia damu kuganda. Parasetamoli inaruhusiwa.

Fanya hivi. Msogeze mgonjwa mbali na nyoka, mlaze, mtulize. Vua pete, bangili, saa, shanga na viatu kabla uvimbe haujaanza. Funga kiungo kilichoumwa kwenye ubao au fimbo kwa kanga, bila kukaza, ili kisitikisike, kwa sababu misuli ikitembea inaisukuma sumu. Asitembee. Akitapika au akilegea, mlaze ubavu. Andika saa aliyoumwa. Piga picha ya nyoka kama inawezekana kwa mbali, lakini usimfuate na usimlete hospitali.

Usafiri ndio dawa ya kwanza. Gari au bajaji ni bora. Kama ni bodaboda tu, mgonjwa akae katikati, mwingine nyuma amshike. Njiani piga simu hospitali uulize kama dawa ya kupambana na sumu, wanayoiita antivenomu, ipo. Si kila zahanati inayo. Kwa sisi wa upande huu, chaguo ni hospitali ya wilaya ya Hai pale Boma Ng'ombe, au hospitali za Mawenzi na KCMC zilizoko Moshi mjini. Kwa wa Arusha ni Mount Meru. Dawa hiyo hutengenezwa kutokana na damu ya wanyama, hasa farasi waliozoeshwa sumu kidogo kidogo, hutolewa kwa dripu, na inaweza kuleta mzio mkali, ndiyo maana haitolewi nyumbani. Mtoto hupewa kipimo sawa na mtu mzima, kwa sababu sumu iliyoingia mwilini ni ile ile. Usishangae wala usikatae. Huenda muuguzi akachukua damu kidogo, akaiweka kwenye chupa ya kioo kwa dakika 20 bila kuigusa, aone kama inaganda. Muda huo haupotei bure.

Kama mtu tayari amefungwa kamba iliyokazwa kwa muda, msiifungue ghafla njiani. Mwambieni daktari aifungue akiwa tayari na dawa.

Kope zikilegea, akishindwa kumeza, sauti ikibadilika au pumzi ikawa nzito, hiyo ni sumu ya neva, na hakuna dakika ya kupoteza. Akiwa hana dalili yoyote, bado apelekwe na aangaliwe kwa saa 24.

Sumu ikiingia machoni, mimina maji safi mengi kwa dakika 15 hadi 20, kope zikiwa wazi, bila kusugua. Maji yakikosekana, tumia maziwa. Dawa za majani zisiingie jichoni. Kisha hospitali.

Kabla ya masika

Kazi hii tunaifanya upya mara mbili kwa mwaka: mwishoni mwa Februari kabla ya masika, na Oktoba kabla ya vuli, kwa sababu mashimo yakijaa maji nyoka huhamia pakavu, na pakavu ni kwetu. Watoto wetu wamefundishwa maneno matatu: simama, rudi, ita. Mdogo, ana miaka sita, wiki iliyopita alisimama mlangoni mwa jiko akaita, "Bibi, njoo na tochi, kuna kitu." Ilikuwa kamba ya ng'ombe. Bibi alikuja, akaimulika, akamshukuru, na sote tukampongeza kana kwamba alikuwa swila.

Rundo la matofali nyuma ya choo bado halijahamishwa. Jumamosi hii tunaanza nalo, kwa koleo yenye mpini mrefu, tofali la juu kwanza.